Ngata ya Feza ya Madame Onora

Nyinyi wote mulionivuta koti mulangoni mwa kanisa Jumapili mbili mufululizo, mukiniuliza "Donati, kile kitu kiko wapi?", shikeni jibu lenu hapa. Nimeliandika ili nisilirudie mara ishirini na koo langu bovu. Najua wengine wenu munasema nimekiuzia Mugiriki mumoja wa Goma. Wengine munasema nimekizika nyuma ya choo. Kuyeni muchimbe, jembe nitawapa mimi mwenyewe.

Habari za karatasi ya ruhusa ya kusafiri, mihuri na kungoja kwenye veranda ya ofisi nitaziruka. Munazijua.

Juu ya Rubaya, kabla ya kuondoka

Kwa yule asiyenijua vizuri: mimi ni mupishi wa Madame Onora, mwaka wa kumi na mbili huu. Madame si Mubelgiji. Ni wa Irlande, kisiwa cha mvua na ng'ombe, njo maana alipoona milima yetu alisema sitaenda mbali tena. Ukoo wake ni wa malodi. Siku moja nilimuuliza lodi ni nini. Alinieleza asubuhi nzima, na mimi nikaelewa hivi: lodi ni mwami, mutawala wa jadi, asiye na watu. Watu wamemukimbia, mashamba yameuzwa, yeye amebaki na jina refu na vijiko.

Vijiko hivyo navijua kuliko yeye, kwa sababu mimi njo navisugua kila Ijumaa. Vyote ni feza tupu. Nyuma ya kila kimoja kuna kinubi kidogo chenye taji, alama ya mafundi wa Dublin, mji wao mukubwa, na mbele kuna alama ya ukoo: mukono unaokamata samaki. Babu wa babu yake alikunywa supu navyo mwaka ambao watu wake walikosa hata kiazi. Madame mwenyewe aliniambia hivyo bila kupepesa macho. Baadaye, yeye akiwa musichana, vijiko na uma vikiwa vimefichwa shambani, nyumba yao kubwa ilichomwa moto.

"Na nani, Madame?"

"Na majirani. Wale wale waliokuwa wanatusugulia feza."

Niliendelea kusugua, lakini masikio yalisimama wima.

Katika moto ule Madame alitoka na kitu kimoja amekificha ndani ya sketi. Kaka yake, Musiyo Jerali, alitoka na mbwa wawili. Hicho cha ndani ya sketi njo kile munachoniuliza.

Ni duara la feza, pana kama sahani, lina urefu wa vidole vinne, limebanwa katikati kama kiuno. Halina chini, halina kifuniko. Pande zote limetobolewa kwa ufundi: ndege, zabibu, ng'ombe, mwanamuke anayekamua, wawindaji na mbwa wao. Madame analiita pete ya viazi. Kwao bakuli la viazi vya moto likiletwa mezani, linawekwa juu ya pete hiyo ili meza isiungue. Basi! Ni ngata! Mama zetu wanasokota majani ya ndizi na kuyaweka chini ya chungu, malodi wanasokota feza. Siku nilipoelewa nilicheka mpaka nikakaa chini jikoni. Maana ndugu hao wawili walikuwa hawajasemeshana tangu mwaka vita ya Wazungu ilipoisha, miaka saba mizima, kwa ajili ya ngata. Musiyo Jerali alisema mali inafuata jina, na jina liko kwake. Madame alisema: wewe uliokoa mbwa. Musiyo akafunga virago, akashuka Walikale kuchimba madini, hakupanda tena.

Basi Madame akaugua. Docta wa misioni alinivuta pembeni, akaniambia polepole kwamba mwezi huu hataumaliza. Jioni hiyo Madame aliniita chumbani.

"Donati, chukua pete umupelekee yule kichwa ngumu. Mwambie ni yake."

"Nimwambie akuye kukuona, Madame?"

"Usimwombe. Sisi hatuombi."

Kisha akageukia ukuta, na niliona bega lake likitetemeka. Roho iliniuma. Nilisema moyoni: yeye haombi, lakini mimi si lodi, mimi naomba vizuri sana. Nitamuleta huyo kaka kabla mwezi haujaisha, hata nimukokote kwa shati.

Mpaka Masisi, kwa miguu

Mama Furaha, bibi yangu, alifunga pete ndani ya kitenge chake cha ndoa, akaitumbukiza ndani ya mufuko wa maharagi. "Ukipoteza pete ni shauri yako na Madame," akasema. "Ukipoteza kitenge usirudi."

Mvua ilinikamata saa nne asubuhi na haikuniacha. Nilikimbilia kwa katekista mumoja njiani, muntu mwema, mwenye maneno mingi. Nilipofungua mufuko nianike maharagi, akaona kile kitu. Alipiga magoti. Ndiyo, magoti, kwenye matope ya jiko lake!

"Hii ni taji ya Bikira," akasema. "Tunangojea taji tangu sanamu yetu ilifika kichwa wazi."

"Papa Katekista, ni ngata ya viazi."

"Usitukane Bikira nyumbani kwangu."

Tulibishana mpaka bibi yake alileta sombe ya majani ya muhogo na viazi. Nikachukua bakuli lake la moto, nikaliweka juu ya pete, nikamwambia aangalie. Aliangalia chini ya bakuli, kisha akasema kwamba hata kama ni hivyo, Bikira angeitumia vizuri zaidi. Kesho yake alinisindikiza mpaka Masisi akiubeba mufuko yeye mwenyewe, na kila tukipumzika alikuwa anapapasa kama pete ingali ndani. Nilimupenda, lakini nilishukuru Mungu tulipoachana.

Nyabiondo, siku mbili bila sababu

Masisi nilipata kamyo ya kushuka mpaka Nyabiondo. Shofa aliitwa Musafiri, na kamyo yake ilikufa tulipoona tu nyumba za kwanza. Siku mbili alilala chini yake, miguu peke yake ikionekana. Mimi nilihesabu siku za Madame na kumutukana kimoyomoyo. Nilikula makayabu, samaki wa chumvi, asubuhi, makayabu mangaribi, mpaka chumvi ilinitoka machoni.

Siku ya pili mufuko wangu ulianguka, pete ikabingirika mpaka kwenye mikono ya Musafiri. Akatoka chini ya gari mbio.

"Kaka! Ulikuwa na kipande hiki na unaniangalia tu natoka jasho?"

"Si kipande cha kamyo."

"Ni cha nini?"

"Cha viazi."

Alinitazama kwa huruma, kama muntu anayemuona mugonjwa. Alikuwa amekwisha kuinua nyundo aipige kidogo, "ikae sawa tu, kaka". Nililia kama mutoto. Sina haya kusema: nililala juu ya pete, tumbo juu ya feza, nikamwambia apige mugongo wangu kwanza. Akaacha. Saa ile ile kamyo ikawaka, yenyewe, bila nyundo wala pete, na Musafiri akasema ni kwa sababu imeogopa kelele zangu. Haikunisaidia kitu, kwa sababu yeye alikuwa anarudi Masisi. Nikaingia pori kwa miguu.

Mpofi, nilipofanya ujinga

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa njo nilipoharibu mambo.

Nilifika Mpofi adhuhuri, miguu imevimba. Mwami mudogo wa pale alikuwa anangojea chakula, na mugeni hapiti mulango wa mwami wakati wa chakula. Nilikaribishwa. Pale chungu cha mwami hakiguswi na muntu mwingine isipokuwa dada yake, mama mumoja mufupi, mwenye kiko mudomoni, wanamuita Mama Mukubwa. Yeye njo anapika, yeye njo anatua chungu, na asipotua yeye mwami halali na shibe. Alikuja na chungu cha nyama ya pori na mafuta ya mawese, kinachemka. Akakitua juu ya ngata ya majani. Ngata ilikuwa imelowa, ikateleza, chungu kikalala upande, muchuzi ukaanza kutoka.

Mimi ni mupishi. Kuona muchuzi mwema unamwagika chini ni kama kuona muntu anazama. Kabla sijafikiri, pete ilikuwa mukononi.

"Mungojee! Weka hapa!"

Mama Mukubwa akaweka. Chungu kikakaa, wima, kimya. Watu wote walipiga makofi. Niliwaita karibu wayaone yale matundu, nikawaonyesha ng'ombe na mwanamuke anayekamua, nikawaeleza malodi na kisiwa chao. Mwami alikula akashiba. Mimi nilikula bugali ya kutosha watu watatu na nikajiona mukubwa sana siku ile.

Kesho yake asubuhi nikaomba kitu changu niende. Mama Mukubwa akatoa kiko mudomoni.

"Papa, kwenu kitu kimebeba chakula ya mwami, kinatoka tena inje?"

Yezu wangu! Maana kwetu Bahunde pia iko vile vile! Kilichokaa chini ya chakula cha mwami kinabaki kwake mpaka kinazikwa naye. Nimelijua hilo tangu ninanyonya. Lakini kile kitu nilikizoea kama kitu cha Wazungu, cha mezani, cha Ijumaa na kitambaa, na sheria yetu haiulizi kitu kimetoka wapi. Nilipiga magoti, nikaeleza: mugonjwa, kaka, mwezi unaoisha. Mama Mukubwa hakuwa muntu mubaya.

"Unasema mwenyewe iko mutoto ya mwami wa kwao?"

"Iko, Mama. Aina ya mwami."

"Akuye yeye na kinywa yake. Ahesabu baba zake. Hapo tutaona."

Walikale, kwa lodi

Niliondoka mikono mitupu. Siku mbili za pori, sisemi kitu juu ya pori, mulioliona munalijua na musioliona mubaki hivyo hivyo. Chakula changu kilikuwa ndizi za kuchoma. Njia nzima nilitafuta maneno, nikifika kwenye muto nayasahau, naanza upya.

Nyumba ya Musiyo Jerali ni ya mbao, karibu na muto. Yeye mwenyewe nilimukuta amevaa kaptula yenye dirisha nyuma, anakula sardini ndani ya kopo kwa uma wa feza. Nilitazama ile alama ya mukono na samaki. Mara ya kwanza katika maisha yangu niliiona inafanya kazi yake.

"Donati! Bado unapika viazi mpaka vinakufa?"

"Ndiyo, Musiyo. Madame amenituma. Anasema pete ni yako."

Aliweka uma chini. Uso wake wote uliwaka, muntu wa miaka sitini akawa mutoto wa siku ya Noeli.

"Amekubali! Miaka saba! Amekubali kwamba ni yangu! Iko wapi?"

"Musiyo, na Madame anaugua sana."

"Onora anaugua tangu utoto kila akitaka kitu. Pete iko wapi?"

Basi nikamwambia iko wapi. Ile kelele! Ndege waliruka ng'ambo ya muto. Aliniita kwa majina ya Kiswahili, ya Kifaransa, na mengine ya kisiwani ambayo nashukuru siyajui. Niliyapokea yote, nimeinamisha kichwa. Kisha akavuta kofia na fimbo yake. "Twende!" akasema. Nilitangulia njiani, niliogopa atabadilisha mawazo. Hakuwa anamufuata dada yake. Alikuwa anaifuata ngata. Lakini alikuwa ametoka nyumbani, na mimi hilo lilinitosha kwa siku ile.

Mpofi tena

Walimukalisha juu ya kiti kidogo, magoti yakafika masikioni. Chungu kilikuwa katikati, juu ya pete, na mwami upande wa pili, kimya, maana kwa mambo ya chungu anayesema ni dada yake.

"Hesabu," Mama Mukubwa akasema.

Jamani, nilidhani tumekwisha. Kumbe hilo njo jambo moja malodi wanaliweza! Alianza na baba yake, akapanda kwa babu, akapanda tena. Huyu alijenga nyumba. Huyu aliuza kinamasi kucheza karata. Huyu alikufa kwa kuanguka kwenye farasi, na mutoto wake pia alikufa kwa kuanguka kwenye farasi. "Hawakujifunza?" wazee wakauliza. "Hapana," akasema. Alihesabu kumi na wawili. Mwami alisahau cheo chake, akapiga goti lake kwa kiganja, na wazee wakasema "Eee!" kila jina. Hata mimi, ninayemucheka kila siku, nilijisikia fahari kidogo.

"Ni muntu," Mama Mukubwa akasema. "Sasa, dada yako iko wapi?"

"Dada ya nini?"

"Hapa kitu ya ukoo inabebwa na mikono ya tumbo moja. Huyu mwami hana chungu kama mimi sikushika upande. Nani atashika upande ingine?"

"Iko juu ya Rubaya," akasema. Sauti ilikuwa imepungua. "Wanasema anaugua."

"Wanasema? Na yeye njo ametuma hii kitu ikuye kwako?"

"Ndiyo. Amekubali ni yangu."

Mama Mukubwa aliacha kiko kizimike. Aliniangalia mimi, akamuangalia yeye, na kwa mara ya kwanza niliona ukali umemutoka yule mama, huruma imeingia.

"Papa," akasema polepole, "miye niko na ngata yangu tangu niliolewa. Siku nitamupatia muntu, ni siku najua sitabeba tena chungu. Hakuna mwanamuke anatoa ngata yake siku ingine."

Musiyo Jerali alitazama ile pete, yale matundu, wale mbwa wa wawindaji. Kisha yule muntu mukubwa wa jina refu alilia mbele ya watu wote, kamasi na yote, akijifuta kwa kofia. Wazee waligeuza nyuso ili asione haya. Mimi sikugeuza, kwa sababu nilikuwa nalia pia.

"Donati," akasema, "ni siku ngapi mpaka kwake?"

"Nne, Musiyo, kama mvua inatuhurumia."

"Tutafanya tatu."

Akasimama. Mama Mukubwa akamuonyesha chungu: na hii? Alitikisa kichwa. "Ibaki chini ya chakula," akasema. "Hapa iko na kazi."

Kupanda

Tulifanya tatu. Sitasema mengi, isipokuwa kwamba lodi akiwa na haraka anatembea kama ng'ombe aliyesikia chumvi, na kwamba Nyabiondo nani alikuwa anatungojea? Musafiri, chini ya kamyo! Musiyo Jerali alimuvuta kwa miguu. Tuliondoka saa ile ile.

Katika mulango wa Madame njo niliingiwa na woga. Nilikuwa nimetumwa na kitu, narudi bila kitu. Madame alikuwa amekalishwa mezani na Mama Furaha, amefunikwa mablanketi, amekuwa mudogo kama mutoto wa komunyo. Aliangalia mulangoni. Walitazamana, na hakuna aliyeanza. Miaka saba, na bado kila mumoja anamungojea mwenziwe aanze! Nilitaka kuwapiga.

"Umekonda," Madame akasema mwishowe.

"Wewe pia."

"Pete iko wapi?"

Nilirudi nyuma hatua moja kuelekea jikoni.

"Mpofi," kaka yake akajibu. "Chini ya chungu cha mwami mumoja. Nilimuachia."

"Uliacha pete?"

"Nilikuwa na haraka, Onora."

Madame alimutazama. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikakimbilia maji, na alipopata pumzi tena alikuwa amemushika kaka yake mukono na hauachii.

"Donati," akasema, "leta viazi."

Nilivileta ndani ya chungu chenyewe, vinafuka mvuke, nikasimama nacho. Meza ile ni ya mbao nyekundu, niliing'arisha miaka kumi na miwili, unaweza kunyolea ndevu ndani yake.

"Madame, chungu iko moto. Hakuna kitu ya kuweka chini."

"Weka tu."

"Madame, meza..."

"Donati. Weka."

Niliweka. Mbao ilipiga kelele, moshi mwembamba ukapanda, harufu ya vernis, rangi ya meza, ikajaa chumba. Hakuna aliyegeuka kuangalia. Walikula viazi kwa mikono, wanavimenya na kuunguza vidole, na Musiyo Jerali akasema nimevipika mpaka vimekufa, na Madame akasema njo anavipenda hivyo.

Aliishi siku tisa zaidi. Kaka yake njo alimufumba macho. Mulikuwa kwenye maziko, mulimuona alivyosimama.

Juma lililofuata seremala alikuja na randa yake, kuondoa lile duara jeusi la chungu katikati ya meza. Mimi njo nilimuita, nilidhani nafanya vizuri. Musiyo Jerali alitoka chumbani bila viatu, akalala juu ya meza, mikono wazi, kifua juu ya alama, na akamwambia seremala aende nyumbani.